Kisangani: Muziki wa kompyuta unaobaki kichwani hata diski ikiungua

Vijana wengi wa Tshopo wanatengeneza muziki kwa kompyuta. Nyimbo nyingi zinasahaulika kabla mwezi haujaisha, chache zinakaa miaka. Tofauti iko wapi? Sehemu ya jibu iko karibu nasi, Yakusu, ndani ya ngoma ya Walokele.

Kuna wimbo mmoja ambao siwezi kukuwekea usikilize, ndugu msomaji. Ulitengenezwa mwaka 2016 katika chumba kimoja cha komini ya Mangobo, kwa ajili ya ndoa ya dada yangu. Aliyeutengeneza ni rafiki yangu, kwa kompyuta ya mkononi iliyokuwa imepoteza herufi mbili za kibodi. Hakuwa na gitaa, wala mpiga gitaa, wala pesa ya kumlipa mmoja. Alichukua simu yake, akarekodi kengele ya baiskeli ya toleka, akaikata vipande, akaipandisha na kuishusha mpaka ikatoa noti tatu. Juu ya noti hizo tatu akajenga wimbo mzima. Siku ya ndoa, wazee walipoitambua ile kengele walicheka, kisha wakasimama kucheza.

Miezi michache baadaye umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa nguvu. Kompyuta ilikuwa kwenye chaji. Diski ikaungua. Tulitafuta nakala kila mahali. Simu iliyokuwa na wimbo ilikuwa imekwisha kuuzwa, na flashi ilikuwa imefutwa ili kubebea filamu. Hivyo ndivyo ulivyokwisha.

Lakini zile noti tatu hazikuungua. Dada yangu anaziimba akiosha vyombo. Mtoto wake, aliyezaliwa baada ya ndoa, anaziimba pia, na yeye hajausikia wimbo wenyewe hata mara moja. Ndiyo maana nimeanza kujiuliza swali hili: kati ya sauti zote zilizokuwa ndani ya wimbo ule, kwa nini zilibaki hizo tatu? Na kwa nini wanamuziki fulani wa kompyuta wanakaa kichwani mwetu, wakati wengine, wenye vyombo vya bei kubwa kuliko vyao, wanapita kama mvua ya juu ya bati?

Somo la Yakusu

Kabla ya kompyuta, mto wetu ulikuwa na chombo kingine cha kupeleka sauti mbali. Kilomita chache kutoka Kisangani ukishuka mto, kuna Yakusu, katika nchi ya Walokele. Mwaka 1938 alifika huko mmisionari Mwingereza, John Carrington. Alisikia ngoma zikisema habari kutoka kijiji hadi kijiji, akaamua kujifunza lugha yake. Mwaka 1949 alitoa kitabu, Talking Drums of Africa, ambacho wataalamu wa mawasiliano wanakitaja mpaka leo.

Ngoma hiyo ni gogo la mti lililochimbwa ndani, bila ngozi. Ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Inawezaje kusema? Kilokele ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti kunabadilisha maana ya neno, kwa hiyo ngoma inafuata mwendo huo wa sauti. Tatizo ni kwamba maneno mengi yana mwendo mmoja. Neno la mwezi na neno la kuku, kwa mfano, yote yana sauti mbili za juu. Ukipiga sauti hizo peke yake, aliye ng'ambo ya mto hatajua kama unasema habari za mbinguni au za jikoni.

Walokele walipata dawa yake. Mpiga ngoma hasemi neno peke yake, analiongezea maneno ambayo kila mtu anayajua. Kwa mwezi anaongeza kwamba unatazama chini duniani. Kwa kuku anaongeza kwamba ni yule mdogo anayelia kiokio. Carrington alihesabu kwamba kwa neno moja la mdomoni, ngoma ilihitaji takriban maneno manane. Mgeni angesema ni kupoteza muda. Lakini marudio hayo na nyongeza hizo ndizo zilizofanya ujumbe ufike salama, hata upepo ukivuma, hata msikilizaji akikosa mwanzo.

Nadhani muziki wa kompyuta unaishi kwa sheria hiyohiyo. Kompyuta nayo inaandika kila kitu kwa alama mbili tu, 0 na 1. Na mtu anayeitumia kutengeneza muziki ana kazi ileile ya mpiga ngoma: achague kitu kifupi, akirudie mpaka kishikwe, na akiongezee alama ambayo watu wake wataitambua. Rafiki yangu alifanya hivyo bila kusoma kitabu chochote. Noti tatu zilikuwa ujumbe, na kengele ya toleka ilikuwa yale maneno ya kuongeza.

Sekunde 17 zisizoimbwa na mtu

Historia ya kompyuta yenyewe inatoa ushahidi. Mwaka 1957, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, mhandisi Max Mathews aliandika programu iliyoifanya kompyuta itoe muziki. Kipande cha kwanza, kilichotungwa na Newman Guttman, kilidumu sekunde 17. Ilikuwa hatua kubwa ya sayansi, lakini hakuna anayekiimba akiwa njiani.

Miaka minne baadaye, mwaka 1961, katika maabara hiyohiyo, kompyuta ilifundishwa kuimba Daisy Bell, wimbo wa zamani wa Uingereza uliotungwa mwaka 1892. Huo ulishikwa. Mwandishi Arthur C. Clarke aliusikia alipotembelea maabara, na baadaye ukaingia katika filamu 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, pale kompyuta inapozimwa polepole huku ikiimba. Mashine ilikuwa ngeni, lakini wimbo watu walikuwa nao tayari. Sikio lilipata mahali pa kushika.

Wanamuziki ninaowarudia

Nikiulizwa ni nani kati ya wanamuziki wa kompyuta wa upande wetu wa Afrika ninaowarudia, nitaanza na wa nyumbani.

Franck Moka ni mtoto wa Kisangani, mwanamuziki na msanii wa sauti anayetengeneza pia filamu. Amefanya kazi na Studios Kabako, nyumba ya sanaa ya Faustin Linyekula. Linyekula aliianzisha Kinshasa mwaka 2001, na baadaye akaamua kuileta hapa Kisangani, jambo ambalo wengi walimshangaa nalo, maana wasanii wetu wamezoea kwenda njia ya kinyume. Moka alishughulikia sauti katika mchezo wa jukwaani Congo wa mwaka 2019, unaotoka katika kitabu cha Mfaransa Éric Vuillard kuhusu namna nchi yetu ilivyogawanywa na kunyonywa. Kinachonivuta kwake ni kwamba anaanza na sauti kabla ya kuanza na noti. Kwake kelele ya mji si takataka ya kusafisha kwenye rekodi, ni malighafi. Ukimsikiliza unaelewa kwamba mtu huyu amewahi kusimama kando ya mto, akasikiliza, asiwe na haraka ya kuweka ngoma juu.

Wa pili ni Rey Sapienz. Ametoka mashariki ya Congo, akaenda Kampala kufanya muziki, vita vikapamba moto nyuma yake, akabaki huko. Ni mmoja wa walioanzisha lebo ya Hakuna Kulala, jina ambalo sisi wa mashariki hatuhitaji kutafsiriwa. Mwaka 2021 alitoa albamu Na Zala Zala pamoja na kundi lake, The Congo Techno Ensemble. Ngoma zake ni za mashine, nzito na zenye kukwaruza, lakini mwendo wake wa kiuno unatoka nyumbani. Na ndani yake kuna vita. Mtu wa mbali anaweza kuzisikia kelele zile kama mtindo tu. Sisi hatuwezi. Mji huu ulikaa siku sita, kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, chini ya mabomu ya jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yaliyokuwa yakipigana katikati ya nyumba zetu. Aliyelala chini ya kitanda siku hizo anajua kwamba mshindo una urefu, una umbali, na una kimya kinachofuata. Sapienz anajua kutumia kimya hicho.

Karibu naye yuko Chrisman, kijana wa Goma ambaye pia alipata nafasi yake Kampala. Albamu yake Makila ya mwaka 2022 ina jina ambalo kila anayejua Lingala atalielewa: damu. Kwake ninapenda uzito na uvumilivu. Anaacha mdundo ukae, haubadilishi kila dakika ili kukufurahisha. Ni somo la Yakusu tena: rudia mpaka aliye mbali asikie.

Ukivuka ziwa Tanganyika na kwenda mpaka Dar es Salaam, utakuta kinyume chake. Katika studio ya Sisso, mtaa wa Mburahati, vijana wanatengeneza singeli, muziki unaokimbia kuliko pikipiki, mara nyingi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Walianza kwa kuchukua vipande vya taarab, wakavirudia na kuvikimbiza kwa kompyuta, kwenye sherehe za mitaa ambako watu hawakuwa na pesa ya bendi. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017 uliwapeleka duniani, kisha Bamba Pana akatoa Poaa mwaka 2018, na Jay Mitta akatoa Tatizo Pesa mwaka 2019. Kwa nini mbio hizo zote zinakaa kichwani? Kwa sababu chini ya mbio kuna kipande kifupi cha taarab ambacho bibi wa Dar es Salaam angekitambua. Kengele ya toleka yao ni kinanda cha harusi.

Wa mwisho ni Mkenya Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU. Muziki wake hauna ngoma hata kidogo. Anarekodi barabara, mvua, umati, mashine za umeme, kisha anazinyoosha kwa kompyuta mpaka zinakuwa kama ukungu. Albamu yake Peel ya mwaka 2020 ilimfanya ajulikane mbali. Lakini kazi yake ninayoiheshimu zaidi ni nyingine. Babu yake, aliyeitwa pia Joseph Kamaru, alikuwa mwimbaji mkubwa wa Wakikuyu, akafariki mwaka 2018. Mjukuu alichukua rekodi za babu na kuanza kuzitoa upya kwa njia ya intaneti, ili zisipotee. Yeye anayetengeneza sauti mpya kabisa ndiye aliyekumbuka kuziokoa za zamani.

Sauti za sandukuni

Programu inayotumika zaidi katika vyumba vya vijana wetu ni FL Studio. Wengi hawajui kwamba ilizaliwa Ubelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa jina la FruityLoops, na ikabadilishwa jina mwaka 2003. Imefungulia mlango watu ambao wasingeweza kamwe kulipia studio. Kijana mwenye kompyuta iliyotumika na saa chache za umeme anaweza kufanya kazi ya bendi nzima. Hilo ni jambo la kushukuru.

Ila programu hiyo, kama nyingine zote za aina yake, inakuja na sauti zilizokwisha kutengenezwa: ngoma ya namna hii, kofi la namna ile, kinanda kilichopangwa tayari. Kijana wa Kabondo anazifungua. Kijana wa Lagos na wa Paris wanafungua zilezile. Ndiyo sababu biti nyingi tunazozisikia kwenye teksi zinafanana kama sare za shule. Si kwamba zimetengenezwa vibaya. Zimetengenezwa vizuri mno, lakini hazina lile neno la kuongeza, lile linalomwambia msikilizaji kwamba habari hii ni ya mwezi, si ya kuku.

Na sisi hatukosi maneno ya kuongeza. Tuna maji ya Wagenia yanayopiga mawe mchana na usiku. Tuna kafi la pirogi likigonga ubavu wa mtumbwi wakati wa kuvuka kwenda Lubunga. Tuna mama wa soko kuu anayetaja bei kwa wimbo. Tuna jenereta ambazo kila mtaa unazitambua kwa mlio. Simu ya kawaida inatosha kuzirekodi. Kinachohitajika ni sikio, na uvumilivu wa kukaa kimya dakika mbili.

Kichwa si ghala

Sasa nirudi kwenye diski iliyoungua. Nimesema muziki mzuri unabaki kichwani. Ni kweli, lakini kichwa ni ghala lenye panya. Kinahifadhi kilele, kinaacha mengine. Na mji wetu umekwisha kupoteza mengi kwa kutegemea kichwa peke yake. Ngoma ya Walokele yenyewe, wangapi kati ya wasomaji wa makala hii wanaielewa leo? Simu ilipokuja, tuliacha kufundisha, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu lugha hiyo tunakisoma katika kitabu cha mgeni.

Kazi za vijana wetu wa kompyuta ziko katika hatari ileile, tena kwa haraka zaidi. Gogo la mti linadumu miaka mingi. Flashi ya sokoni inaweza kufa kabla ya msimu wa mvua kwisha. Wimbo unapita kutoka simu hadi simu bila jina la aliyeutengeneza, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayeweza kusema ni wa nani, hata yeye mwenyewe akitaka kudai haki yake.

Kwa hiyo, kwa kijana yeyote anayetengeneza muziki Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Lubunga au komini ya Kisangani, nina maneno machache ya mtu aliyeumwa na nyoka. Weka nakala mbili, katika nyumba mbili tofauti, maana nakala mbili ndani ya mfuko mmoja ni nakala moja. Hifadhi kila chombo peke yake, si wimbo uliokamilika tu, ili siku moja uweze kuutengeneza upya. Andika jina lako na mwaka ndani ya jina la faili. Umeme ukikatika, chomoa waya kabla haujarudi. Na kazi ikianza kupigwa redioni, iandikishe SOCODA, shirika la haki za watunzi wa nchi yetu, ili uwe na karatasi ya kuonyesha.

Besi ambayo hakuna aliyeikumbuka

Mwaka jana tulikutana tena katika kile chumba cha Mangobo: rafiki yangu, dada yangu, shemeji na mimi. Tulikuwa tumeamua kuurudisha ule wimbo. Dada aliimba noti tatu. Shemeji alikumbuka mahali muziki uliposimama ili majina ya wageni yaitwe. Mimi nilikumbuka makofi yalipoingia. Rafiki yangu akawa anapanga kila kitu kwenye kompyuta nyingine, yenye herufi zote.

Tulipofika kwenye besi, kimya. Hakuna aliyeikumbuka, hata yeye aliyeitunga. Alijaribu nne, moja baada ya nyingine, na kila mara dada alitikisa kichwa. Siyo hiyo. Siyo hiyo. Hakuweza kusema ilikuwa ipi, ila alijua zipi hazikuwa. Mwishowe rafiki yangu alitunga besi mpya, nzuri, na sote tukakubali kwamba huu sasa ni wimbo mwingine, ndugu wa ule wa kwanza.

Nakala moja iko kwake. Nyingine iko kwa dada, ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ndoa.

Kilichotuchelewesha zaidi ni kengele. Dada alikataa kabisa sauti ya kengele iliyokuwa tayari ndani ya programu, akasema hiyo ni ya baiskeli ya watu wengine. Tukatoka kwenda kutafuta ya toleka. Pikipiki zimejaa kila kona sasa, na ilituchukua nusu siku kuzunguka mji kabla ya kumpata mzee mmoja ambaye baiskeli yake bado ilikuwa na kengele inayolia. Tulimlipa kama abiria, akaipiga mara kumi.